Kisigino cha Baltazari

Isdori alikuwa mtu wa kujinyima, na alihakikisha watu wanajua. Pombe haonji, usiku hatembei, na jua la Sumbawanga halikuwahi kumkuta kitandani. Hata Juni, baridi inapowafanya majogoo wenyewe wasite kuwika, yeye alikuwa barabarani akitoa moshi mdomoni. Aliamini kwamba ukubwa katika mbio unapatikana kwa jasho tu, na kwamba anayetoa jasho jingi ndiye anayepewa.

Basi Mungu akamletea Baltazari.

Wote wawili waliajiriwa na shirika moja la umma kwa ajili ya kukimbia kwenye mashindano ya mashirika. Kazi yenyewe ilikuwa jina tu. Shirika likauzwa. Mnunuzi alitaka majengo na magari, wakimbiaji hakuwa na haja nao. Sasa walikuwa makuli kwenye ghala la mfanyabiashara wa mahindi, wakipakia malori ya kwenda Mbeya. Jioni Isdori alikwenda kulala. Baltazari alikwenda kwenye pombe ya ulezi, akaimba, akacheza, na asubuhi akakimbia kwa raha zake, akimtangulia Isdori hatua chache kutoka mjini mpaka mlima Mbizi na kurudi. Kwenye kisigino chake cha kushoto palikuwa na kovu la jembe. Kovu lile Isdori aliliona kila siku iendayo kwa Mungu, maana hakuwahi kulipita.

Jambo kama hilo linaudhi, na Isdori aliudhika sana. Hata hivyo ni yeye aliyekwenda kila alfajiri nyumbani kwa Coleta, dada yake Baltazari, kumtoa mlevi kitandani. Alimvuta miguu, na akizidi ukaidi alimmwagia maji. Mtaani wakamsifu kwa moyo wa upendo. Upendo gani! Isdori alikuwa na hesabu yake: siku moja nitampita, na siku hiyo nataka awe macho.

Ndipo ikaja habari kwamba tajiri mmoja wa Dar es Salaam ameanzisha klabu ya riadha, na kocha wake, Mwalimu Asajile, anazunguka mikoani akitafuta watu. Afisa Utamaduni alikuwa ameshampelekea muda wa Isdori na wa Baltazari, na ulimvutia. Angewajaribu Jumamosi, saa moja asubuhi, kisha aendelee na safari. Sumbawanga angechukua mtu mmoja tu. Huyo angelala kambini, ale vizuri, akimbie na viatu vya maana. Mwingine angebaki na magunia. Isdori umri ulikuwa unamtupa mkono, na alijua kocha wa namna hiyo hatapita tena.

Ijumaa Coleta alimwita mlangoni. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na nyuma yake nyumba ilijaa wanywaji.

"Isdori mdogo wangu, mimi kesho nawahi gari la Chala. Huyu ndugu yako unamjua, usipomwamsha haamki. Nakuachia wewe."

"Usiwe na wasiwasi, dada."

Alfajiri alifika. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Baltazari alikoroma kifudifudi, na mguu wa kushoto ulikuwa umetoka nje ya blanketi, kisigino juu. Isdori alinyoosha mkono kuushika, kama siku zote.

Mkono ukasimama. Mimi ananiamsha nani? alijiuliza. Nani aliyemtuma kunywa? Yalikuwa maswali mazuri, na mtu yeyote angeona haki iko upande wake. Akavuta blanketi, akakifunika kile kisigino vizuri kisipigwe na baridi, akatoka kwa kunyata.

Uwanjani palikuwa na vijana wachache wa sekondari na Mwalimu Asajile katika koti zito.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa mko wawili. Mwenzako yuko wapi?"

"Anaumwa, mwalimu. Tumbo." Uongo ulimtoka kabla hajautafuta.

Filimbi ikalia. Wale vijana waliachwa mapema, na Isdori akajikuta peke yake na barabara. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi ilivyo ndefu. Akaongeza kasi, akaona amezidisha. Akapunguza, akaogopa amelala. Macho yalitafuta chini, mahali pale kovu linapopanda na kushuka, yakakuta vumbi. Hakujua akimbie kwa kiasi gani. Miaka yote alikuwa hajapata kuliamua hilo mwenyewe. Akarudi wa kwanza, nyuma yake hakuna mtu.

Asajile aliitikisa saa yake kama imemdanganya. "Ule muda nilioletewa ulikuwa wako kweli?"

"Wangu, mwalimu."

"Leo hukuukaribia hata kidogo. Samahani, kijana. Siwezi kukuchukua."

Mara Baltazari akaingia uwanjani mbio, pekupeku, shati limefungwa vibaya.

"Isdori! U mzima?" Alimshika mabega. "Nimeamka mwenyewe nikasema leo kuna jambo, huyu hawezi kuacha kuja. Nimepitia kwenu kwanza, nikidhani umezidiwa. Ndiyo maana nimechelewa."

Isdori alitamani ardhi immeze.

"Huyu ndiye anayeumwa tumbo?" Asajile aliuliza. "Sikiliza, kijana. Mgonjwa simpimi. Kama u mzima sema, ukimbie sasa hivi, nitakusubiri."

Baltazari alimgeukia Isdori, akamtazama usoni kwa muda. Neno moja tu la Isdori lingetosha. Angesema nimedanganya, mambo yakaisha. Alifungua kinywa, akaona wale vijana wa sekondari wanamtazama, akakifunga.

"Ndiyo, mwalimu," Baltazari akasema taratibu. "Tumbo. Limenisumbua usiku kucha."

"Pole sana," Asajile akasema, akapanda gari.

Walirudi mjini, Baltazari mbele, Isdori nyuma, kama kawaida yao. Walipofika kwa Coleta, Isdori alijikaza.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Ulikuwa wako," Baltazari akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe." Akasukuma mlango. "Kesho usinipitie."

Kesho yake Isdori aliamka saa ileile, giza lileile, akafunga kamba za raba zake. Akafika kwenye njia panda: kushoto kwa Coleta, kulia mlimani. Alisimama pale akitetemeka kwa baridi na kwa aibu mpaka kukapambazuka, na watu waliompita wakienda mashambani walimsalimia kwa heshima, wakisema huyu kijana anajituma.