Mawifi Kwenye Njia ya Maziwa

Mwokaji mikate na mwalimu wa hesabu walikuwa mawifi kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Mwalimu, aliyeolewa na kaka wa mwokaji, alizungumza na watu wazima kana kwamba anawadai madaftari ya hesabu. Mwokaji naye alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa, na akishika lake haliachi.

Kaka alikuwa amechoka kuwa mwamuzi. Ndiye aliyeleta wazo la kupanda kuyaona maziwa matatu ya mlimani, safari ya saa nne isiyo na kilima cha kuua mtu. Siku ilipofika, goti lake likaanza kuuma pale pale getini, likapata nafuu alipouona ubao wa drafti kwenye kibanda cha mlinzi. Mawifi wakaenda peke yao. Mwokaji alibeba mikate na mayai. Mwalimu alibeba maji na chupa ya chai. Mlinzi aliwaeleza habari za njia, lakini wakati huo wao walikuwa wakibishana nani atangulie kusaini kitabu cha wageni.

Baada ya nusu saa miti iliisha, wakafika penye njia panda. Palikuwa na kibao chenye mishale miwili, mmoja kushoto, mwingine kulia, na yote miwili imeandikwa MAZIWA. Mwokaji akasema huenda mmoja ni wa ng'ombe na mwingine wa mbuzi. Mwalimu hakucheka. Alisema ramani ya getini ilionyesha kulia. Mwokaji akasema upepo wa kulia utawagandisha masikio, waende kushoto. Neno likazaa neno.

"Basi nenda na ramani yako, wifi," mwokaji akasema. "Mimi naenda na miguu yangu."

Akashika njia ya kushoto bila kugeuka nyuma. Ziwa la kwanza alilikuta mapema, la kijani, limezungukwa na mawe yenye kuvu, maji yake maangavu pembeni hata changarawe zinahesabika. Alikaa akamega mkate, ukamkwama kooni, na maji yote yalikuwa kwa wifi. Akachota ya ziwani kwa kiganja. Yalikuwa baridi hata meno yakamuuma.

Kuanzia hapo hasira ilianza kumwishia, na hofu ikachukua nafasi yake. Njia ilipanda kwenye mawe yaliyolegea, na kila jiwe lililoteleza lilimkumbusha kwamba mwalimu alivaa raba zilizokwisha soli. Mtu huyo akivunjika mguu, atamwambia nini kaka yake? Akaongeza mwendo. Alipokata kona ya mwisho, ziwa la pili likamfungukia mbele, pana, la buluu nzito, na kando yake kitambaa chekundu cha kichwani kilikuwa kikija upande wake.

Moyo ukamtulia, na mdomo ukapata nguvu.

"Umeona huko hakuna kitu, ukaamua kunifuata?"

"Mimi nikufuate?" mwalimu akasema. "Si wewe unayekuja upande wangu?"

 Kisha mwalimu akachuchumaa, akaokota kijiti, akachora kwenye mchanga: geti, njia panda, ziwa la huku, ziwa la huko, hili la katikati. Mistari miwili ikakutana. 

"Duara," akasema. "Miaka yote hii nafundisha duara."

Mwokaji alicheka hadi akakaa chini, na mwalimu, baada ya kujikaza kidogo, akacheka naye. Walipofungua vyakula, mwokaji aliona chupa ya chai bado imejaa hadi mdomoni.

"Mbona hukunywa?"

"Haikupita," mwalimu akajibu, macho ziwani. "Nilidhani umeanguka."

Mwokaji alikuwa na maneno manne ya utani tayari ulimini, akayameza yote. Alimmiminia wifi yake chai, akammenyea yai.

Walipomaliza, mwalimu akasema watashuka kwa njia aliyopanda yeye, ili wifi alione ziwa la tatu. Mwokaji akamwambia atakuwa analirudia, itamchosha. Mwalimu akakiri kwamba alilipita ameinamisha kichwa kwa hasira, asingeweza kusema hata rangi yake.

Lilikuwa dogo, limetulia, kilele cha mlima kimelala ndani yake kichwa chini. Wakavua viatu, wakatumbukiza miguu, wakapiga kelele, wakaitumbukiza tena.

Alasiri kaka aliwaona wakifika getini wamekumbatana mabega, akauliza kama kuna aliyeumia.  Wakapanda wote wawili kiti cha nyuma cha gari, wakamwacha mbele peke yake kama dereva wa teksi.