Mnara Ulioangukia Zizi

Mnara wa simu wa Kisesa ulianguka mchana kweupe, mwaka 1998, kwa upepo wa mvua za vuli. Uliangukia zizi la mjane mmoja, Mama Ng'washi, ukaua ng'ombe wawili. Fundi Machibya, aliyesimamia ujenzi, hakushangaa. Zege la msingi lilikuwa likimong'onyoka kama kiporo cha ugali. Mara mbili alimwambia meneja wake, Alexander, kuwa saruji imepunjwa; mara mbili akajibiwa, "Wewe jenga tu."

Juma lililofuata Alexander alimwita ofisini Nyamagana, akafunga mlango.

"Wenye kampuni wamekata bima huko kwao Ulaya," alisema. "Serikali ikitaifisha, wanalipwa. Wananchi wakifanya fujo, wanalipwa. Ujenzi ukiwa mbovu, hawapati kitu. Umenielewa?"

"Bosi, mnara umeangushwa na upepo."

"Umeangushwa na wanakijiji. Wamefungua nati usiku. Tia saini ripoti hii."

Ndani yake, jina la kwanza kwenye orodha ya wahalifu lilikuwa la Ng'washi, bibi asiyeweza kuinua hata ndoo ya maji. Machibya akairudisha karatasi bila kuigusa kwa kalamu.

Mkaguzi wa bima alipokuja, mkalimani akawa Alexander huyohuyo. Pamoja na Machibya, walimkuta Ng'washi zizini.

"Mwanangu, niulizie huyo mgeni," alisema, "ng'ombe wangu nani atanilipa?"

Alexander akayageuza maneno. Kiingereza cha Machibya kilikuwa cha kuokoteza, lakini neno la "hatari" alilijua, na alilisikia mara tatu, likimlenga bibi. Mkaguzi akaandika. Machibya akaona haya kusimama upande wa wale watu. Akaokota bonge la zege, akamsogelea mgeni, akalifikicha mbele ya macho yake mpaka likawa mchanga mtupu. Mkaguzi akautia mchanga kwenye bahasha, kisha akajipangusa vidole kwa leso, kimoja kimoja, kana kwamba ameshika mavi.

Bima haikulipa. Machibya akafukuzwa kazi. Alexander akahamishiwa Dar, na cheo juu.

Machibya alimsindikiza Ng'washi ofisini kwa kampuni kudai haki yake. Karani akapekua faili, akasema, "Bibi, mnara ulikuwa na bima. Ng'ombe wako hawakuwa nayo."

Machibya akatema mate palepale juu ya zulia.

"Twende, mama," alisema. "Hapa pananuka."