Ukuta Chini ya Kaburi la Jaduong'

Mimi sijui kunyamaza, na ukoo ulionioa ulilijua hilo kabla ya kunitolea ng'ombe. Kwa hiyo mtu asiniambie nipunguze sauti. Walter, mume wangu, aliuawa na ukuta wa udongo huku Nyatike, mwaka ule wa mvua ya Elnino, na ukuta wenyewe sote tulikuwa tunauona kila siku.

Shimo lilikuwa letu. Walter na ndugu yake Ken walilifungua nyuma ya boma kutafuta dhahabu, na mshipa wa mawe ukawarudisha polepole kuelekea nyumbani, mpaka ukingo ukafika karibu na kaburi la baba yao, Jaduong', yaani mzee mwenyewe. Wajaluo humzika mwenye boma pale pale bomani, na akishalala hapo hahamishwi. Mimi ni Mkisii, lakini hilo nilikuwa nalielewa, maana hata kwetu wafu hawasumbuliwi. Kilichonishinda ni kuchimba chini ya mtu.

Bwana Masese, mkaguzi wa machimbo, alikuja na pikipiki yake kabla mvua hazijaanza. Alikuwa mtu mpole. Alishuka na Walter mpaka chini, akapanda akiwa amekunja uso.

"Huu ukuta umesimama wima mno," akasema. "Ukateni kwa ngazi. Mkishuka kimo cha mtu, mnaacha nafasi ya kusimama, ndipo mnashuka tena. Na juu pale ukingoni msiweke kitu kizito, hata kifusi."

Kukata ngazi kulitaka ukingo urudi nyuma, na nyuma alikuwa amelala mzee. Walter alitazama kaburi, halafu akatazama miguu yake. "Tutaona," akasema, nami nikajua hakuna kitakachofanywa.

Nilimwendea mama mkwe mwenyewe, Mama Phelesia, jikoni kwake. Tulikuwa tunaongea Kiswahili mimi na yeye, maana Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni tu. Nikamwomba wazee waitwe, mzee ahamishwe kwa heshima zote.

"Nyar Kisii," akaniambia, ndivyo alivyoniita, binti wa Kisii, akiendelea kuchambua dagaa zake za omena, "kwenu watu wanahamishwa kama vitanda?"

"Mama, hiyo ukuta itaangukia Walter."

"Baba yake yuko pale juu. Atamwangushia mtoto wake ukuta kwa nini?"

Nilitoka pale nimefura. Nyumbani nikamkuta Walter naye ana maneno hayo hayo, kwamba mzee ndiye anayeushikilia ukuta. Nikamwambia mzee hata alipokuwa hai hakuwa wa kushikilia kitu, hata chupa ilikuwa inamponyoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda sana yule mtu, na kichwa chake kigumu.

Mvua zikaja, hazikutaka kwisha. Ufa ukatokea kando ya kaburi, upande wa nyumba. Mama akalia kwamba mzee ananyeshewa, kwamba watoto wamemtelekeza. Basi watoto wakafanya walichoona ni heshima: walibeba mawe kutoka shimoni, wakayapanga juu ya kaburi, wakamwaga saruji nzito, wakasimamisha nguzo na paa la mabati. Ufa wakauziba kwa saruji iyo hiyo. Nikawauliza kama hawakumsikia Bwana Masese. Ken akanijibu kwamba mambo ya kaburi hayamhusu mwanamke aliyekuja kuolewa, na Walter hakunitetea.

Siku yenyewe jua lilitoka. Walter alisema anashuka kuteka maji yaliyojaa shimoni, Ken amfuate baada ya chai. Nikamshika shati, nikamwambia leo aache.

"Nateka maji tu," akasema, akanibandua vidole polepole.

Nilikuwa naponda mawe niliposikia kishindo kizito, kama gunia likidondoshwa sakafuni, kisha mabati yakalia. Nilipofika, kaburi, mawe, saruji na paa, vyote vilikuwa vimeteremka shimoni.

Majirani walikuja mbio. Tulichimba kwa majembe, kwa karai, kwa mikono. Tukafikia jeneza kwanza. Lilikuwa limepasuka, mifupa ya mzee imetapakaa kwenye tope, na wanaume wakaacha majembe. Niaminini, waliacha. Mmoja alisema mifupa haiguswi hivi hivi, aitwe mzee wa ukoo. Mwingine alisema iletwe blanketi mpya. Ken akatoka kwenda kumtafuta huyo mzee ng'ambo ya mto. Nilichimba peke yangu, wakanivuta nyuma, nikamuuma mtu mkono. Ule muda wote walisimama wakishauriana, na mimi nawachukia hadi leo.

Ndipo Mama Phelesia akateremka. Alifungua leso yake kiunoni, akaokota mifupa ya mumewe mmoja mmoja, akaifunga, akaiweka kando kwenye matope.

"Huyu alishakufa," akawaambia. "Nitafutieni mtoto wangu."

Wakachimba. Walter alikuwa chini kidogo tu ya pale waliposimama. Alikuwa amejikunja, mikono imekinga uso, na kati ya mikono na uso kulikuwa na nafasi ambayo udongo haukuingia. Nilimshika mimi kabla ya mtu mwingine. Hakuwa anapumua, lakini shingo yake ilikuwa bado na joto, kama ya mtu aliyekata roho sasa hivi.

Jioni tulikaa na Mama kando ya mwili, watu wengine wakiwa nje wanaimba.

"Nyar Kisii," akaniuliza kwa sauti ndogo, "wewe ndiye ulimshika. Alikuwa amepoa?"

Nilikuwa na maneno ya kumuua, na nilikuwa na haki ya kuyasema. Nikamtazama zile kucha zake, bado zimejaa udongo.

"Alikuwa baridi, Mama," nikasema. "Alikufa papo hapo."