Mlango wa Saa Tisa

Mama mkwe wangu, Ardis, alikuwa na neno moja ambalo sikulielewa mpaka nilipobomoa jiko zima. Neno lenyewe ni "tofauti."

Mimi nimezaliwa Arizona, jangwani, kwa watu wanaosema yote yaliyomo moyoni na mengine ambayo hata hayamo. Nilipoolewa na Loren nikaja huku Minnesota, kwenye mahindi, soya na theluji ya miezi mitano, niliambiwa kwamba watu wa huku ni wapole. Ni kweli. Ni wapole kiasi kwamba unaweza kuishi nao miaka usijue kama wanakupenda au wanakuvumilia tu. Nami ni mtu wa kutaka kujua. Kuuliza si ujinga, ndivyo nilivyolelewa, basi nikawa nauliza kila kitu, na kila mtu ananijibu, "Si neno, si neno."

Baba mkwe, Orville, alifariki mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Ardis akahamia kwenye nyumba ndogo ya kupanga mjini, maili nane kutoka shambani, akatuachia nyumba kubwa. Lakini kila siku, saa tisa kamili alasiri, gari lake la kijivu liliingia uani, mlango wa nyuma ukafunguka bila hodi, na yeye akawa tayari yuko jikoni anavua viatu. Tulikunywa kahawa nyepesi, unaona kitako cha kikombe kupitia humo. Aliangalia dirishani kila gari lililopita barabarani, akauliza, "Yule nani?" Saa kumi akaondoka. Mama yangu mwenyewe yuko mbali, na saa ile niliingojea tangu asubuhi.

Loren akitokea shambani alikaripiwa papo hapo: "We mtoto, hiyo kofia inanuka mbolea, itoe mezani!" Mimi niliitwa "Corinne mpenzi." Nikadhani mimi ndiye kipenzi chake.

Jiko lenyewe lilikuwa la mwaka 1974: makabati ya rangi ya kahawia, kaunta ya plastiki ya manjano, na zulia. Naam, zulia jikoni. Nikaona kwenye jarida mtindo ambao nchi nzima ilikuwa inaukimbilia, unaitwa nyumba ya shamba ya kisasa: kuta za mbao nyeupe, sinki kubwa jeupe, rafu zisizo na milango, na mlango wa kuteleza kwenye reli nyeusi, kama ule wa banda la ng'ombe.

"Lakini mke wangu," Loren akasema, "hii ni nyumba ya shamba. Ina shamba. Nenda dirishani ukalione."

"Hili si la mtindo."

"Na wale ng'ombe? Nao si wa mtindo?"

Ardis alipokuja saa tisa nikamtandazia mchoro mezani. Nikamwonyesha mlango wa nyuma, ule ule aliotoka kuupita dakika hiyo. Tungeuziba, mahali pake pawe stoo ya chakula, na mbele ya stoo uje mlango wa kuteleza.

Akavaa miwani, akainama. "Mh. Tofauti."

"Umependa?"

"Tofauti kweli."

"Na huu mlango wa nyuma? Kama unautaka tutauacha."

"A-a, Corinne mpenzi. Msijisumbue kwa ajili yangu."

Nikamkumbatia kwa furaha. Alisimama wima kama mwiko mpaka nilipomaliza.

Fundi wetu alikuwa Verlyn, jirani, aliyesoma darasa moja na Loren. Kila alichobandua kilikuwa na hadithi, nami nilisimama mgongoni pake kama mkaguzi. Siku ya pili ukuta wa kando ya sinki ulipofunguliwa, nyembe zikamwagika sakafuni, mamia, zote zimeshika kutu.

"Babu yake Loren," akasema Verlyn. "Kabla ya bafu kujengwa wanaume walinyolea hapa. Kulikuwa na kabati la kioo lenye tundu nyuma. Wembe ukiisha makali unausukumia ukutani, kwisha habari."

"Na ukuta ukijaa?"

"Hilo atajua mjukuu." Akanipa ufagio.

Chini ya tabaka tatu za karatasi za ukutani tukakuta mbao pana, zilizolazwa, zimepakwa chokaa. Zilifanana na zile mpya nilizoagiza kama mtu na pacha wake. Ardis, saa tisa ile, akaingia, akavua viatu kwenye vumbi, akaziangalia sana.

"Nilizifunika mwenyewe hizi," akasema. "Nilipoletwa hapa bibi harusi upepo ulikuwa unapita kwenye nyufa. Asubuhi unakuta maji ya ndoo yameganda. Nilimwomba Orville miaka kumi na miwili anifunikie." Akagusa moja kwa kidole. "Na sasa mnazirudisha."

"Mpya hazipitishi upepo, mama."

"Hiyo nayo ni tofauti."

Nikahesabu sifa ya tatu.

Jiko likaisha. Siku ya kwanza nilichemsha kahawa mapema, nikapanga vikombe kwenye rafu mpya, nikasimama dirishani nimwone akija. Gari likaingia. Ardis akashuka na sahani iliyofunikwa, akaelekea nyuma kama miguu yake ilivyozoea, akafika pale palipokuwa na mlango. Palikuwa na mbao mpya tu. Akasimama. Kisha akageuka, akapita chini ya dirisha langu bila kuinua macho.

Halafu nikasikia mlio ambao sikuufahamu. Ilikuwa kengele ya mlango wa mbele. Tangu nihamie nyumba ile sikuwahi kuisikia. Mlango ulikuwa umekwama, nikauvuta kwa mikono miwili. Ardis alikuwa amesimama ngazini, koti limefungwa vifungo vyote.

"Natumaini sisumbui," akasema.

Alikaa sebuleni kwenye ncha ya kochi, viatu miguuni. Nilipomwita aone jiko alisimama mlangoni, akasema, "Tofauti sana," na kabla ya saa kumi akaenda zake. Kesho yake hakuja. Kwenye simu alisema wanapika kanisani, kuna msiba. Keshokutwa yake, theluji. Nilitazama nje, jua linawaka. Siku iliyofuata, meno. Wiki mbili zikapita hivyo, na kila ikifika saa tisa nilikuwa napanga vikombe viwili halafu narudisha kimoja.

Nikaanza uchunguzi. Niliionja kahawa. Nilikalia kila kiti. Nilimbana Loren.

"Mama yuko sawa," akasema.

"Umejuaje?"

"Hajasema kitu."

"Ndiyo maana nauliza!"

"Basi yuko sawa."

Alikuja kuniokoa Verlyn, aliyefuata droo iliyokuwa inakwama. Nikamwona uani na kisanduku chake cha vifaa, anatazama mbao alizozipigilia mwenyewe, anakuna kisogo. Nikamwonyesha kwa mkono azungukie mbele. Akatikisa kichwa, akagonga kioo. "Shemeji, fungua dirisha."

Naapa, mtu mzima mwenye goti bovu alipandia ndoo, akaingia kwa dirisha, akakanyaga ndani ya sinki langu jeupe.

"Verlyn! Kwani mlango wa mbele una nini?"

"Ule ni wa mchungaji, wauza bima na maiti," akasema akishuka. "Mimi bado sijafa."

"Maiti?"

Akaacha utani. "Orville alitolewa wapi?"

Sikujua. Wakati ule mimi na Loren tulikuwa tunaishi mjini, na siku ile tulifika mwili umeshaondoka.

"Machela haikukata kona ya huko nyuma. Sisi majirani tukaufungua ule wa mbele kwa bega. Ardis alisimama ngazini mpaka gari likapotea barabarani. Toka siku hiyo sijamwona akiupita."

Nikakaa kitini. Nyumba aliyoijia bibi harusi nilikuwa nimemwachia mlango mmoja tu, na ndio huo.

"Wewe ndiye uliyeziba! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Nilimwuliza yeye!"

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja si kuuliza, shemeji, hiyo ni salamu. Ya kwanza mtu anakataa kwa adabu. Ya pili anakataa aone kama unamaanisha. Ya tatu ndiyo swali."

"Lakini jiko alilisifu. Alisema ni tofauti."

Verlyn akatazama dari. "Mchungaji mmoja alileta gitaa ibadani. Ardis akamwambia ni tofauti. Mchungaji yule hayupo tena."

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeukia. "Sasa kwa nini asiseme tu ni mbaya? Loren humwambia ananuka!"

"Loren ni wake," Verlyn akasema taratibu. "Mgeni haambiwi ananuka."

Hapo paliniuma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na miaka mitatu pale na hakuna aliyenipa hata mpini. Na upole wote ule niliodhani ni mapenzi, kumbe ulikuwa sahani nzuri anazotolewa mgeni.

Alasiri hiyo hiyo nikaenda kwa Ardis. Nilimkuta na kikombe kimoja mezani.

"Mama, nataka kuurudisha mlango wa nyuma."

"A-a, Corinne mpenzi. Jiko limekwisha jamani."

"Tutaurudisha."

"Msijisumbue kwa ajili yangu."

Kwetu mtu akikataa mara mbili unaomba radhi unaondoka. "Mama," nikasema, "unautaka mlango wako?"

Akaipangusa meza kwa mkono pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Kama ni kweli mnaurudisha," akasema, "uwe pale pale. Na ufungukie ndani, nisisukumwe na upepo."

Verlyn alikuja na mlango wa zamani wenyewe, bawaba na kitasa chake. Hakuwa ameutupa. "Nilijua," akasema, nami nusura nimpige nyundo. Stoo ikawa nusu, na mlango wa kuteleza tukauhamishia kwenye njia ya kwenda sebuleni.

Siku ya tatu, saa tisa, kitasa kikalia. Hakuna hodi. Ardis akaingia na baridi yake, akavua viatu, akakaa kiti kinachotazama dirisha. Alizungusha macho: rafu, sinki, mbao nyeupe. Nilibana midomo nisiulize. Macho yakatua kwenye reli nyeusi.

"We mtoto," akasema.

Nikageuka kumtafuta Loren. Loren alikuwa shambani.

"Nakuambia wewe. Ule mlango ni mbaya, mbaya kabisa. Maisha yangu yote nimepigana banda lisiingie jikoni mwangu, wewe umelileta na reli zake."

Machozi yalinitoka nikicheka. Gari likapita barabarani, akanyoosha shingo dirishani. "Yule nani?" Nikachukua birika nikamjazia kahawa, bila kumwuliza hata mara moja.