Kondoo Chini ya Mbao

Mama yangu huniita Mama. Nilipewa jina la mama yake, Kagure, kama desturi yetu ilivyo, na tangu nikiwa mtoto ananiita hivyo hata akinigombeza.

"Mama, hii nyumba yako itaniua," aliniambia asubuhi moja ya Julai, amekaa kitandani na soksi mbilimbili miguuni. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, umeshafungwa.

Haki nilikasirika! Nyumba haijamaliza hata miaka minne, imeinuliwa juu ya nguzo kwenye mteremko hapa Nyeri, sakafu ya mbao inang'aa mpaka wageni wanavua viatu bila kuambiwa. Ati inaua. Alitaka kurudi Kangari, kwenye jiko lake la moshi katikati ya majani chai, ambako hakuna wa kumsikia akikohoa. Daktari alishamkataza moshi. Nilijua akirudi huko nitamfuata kumzika, nikatokwa na machozi huku bado nimefura.

Nikavua slipa, nikakanyaga. Wee! Baridi ilinipanda mpaka magotini. Ukungu wa mlimani ulikuwa umeingia chini ya nyumba ukalala pale, na nilipotulia nikahisi sakafu ikipumua polepole. Sijui kama nilikuwa macho kabisa.

Nikamwita Mathenge, fundi aliyeijenga. Aliingia chini kwa tumbo na tochi, akatoka na utando wa buibui kichwani.

"Huko hakuna kitu. Ni mbao, halafu hewa."

"Na ile pamba ya kujaza katikati ya mihimili? Si ilikuwa kwa ramani?"

"Ile sikuweka. Nilijua ni ya kuzuia kelele. Na wewe ulikuwa unakaa peke yako, sasa kelele ya nani?"

Nilimpa vidonge vyake. Mama ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa mama yangu baridi haikutoka chini," akasema. "Chini ya kitanda alilala kondoo dume wa kunoneshwa, analishwa majani ya viazi vitamu humohumo ndani. Ukishusha mkono, unashika manyoya." Akaangalia dirisha lililojaa ukungu. "Nitangoja Jumapili. Nikisikia bado baridi, naenda."

Kesho yake nilikuwa Nanyuki kwa Abdille, muuza ngozi na sufu.

"Ni ya kufuma?" akauliza.

"Ni ya kuweka chini ya sakafu. Mama anasikia baridi."

Alinitazama kwanza. "Sawa, mama. Kondoo zangu wahamie Nyeri."

Tuliiosha sufu ile, tukaianika juu ya ua, na ukungu ulipokuja sikujua sufu iliishia wapi, ukungu ukaanzia wapi. Mathenge akaishindilia katikati ya mihimili, akaifunga kwa wavu wa kuku, akaacha nafasi za hewa pembezoni ili mbao zisioze. Safari hii nililala kwa tumbo kando yake nikihakiki kila pembe. Alininunia, na anune tu.

Jumapili tulitoka kanisani mvua ikinyesha. Mama akapita kando ya mkoba wake bila kuutazama, akajilaza. Mimi nikaketi karibu naye, nikingoja aseme. Chumba kilikuwa cheupe kwa ukungu wa nje, na taratibu ikaanza kupanda harufu. Woi, kondoo! Na tulivyoosha! Nilikuwa tayari kumpigia Mathenge simu nimfokee.

Mama alikuwa amefumba macho. Akashusha mkono, vidole vikagusa mbao, vikatulia hapo.

"Mama," akaita, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia. "Kondoo amekula?"

Nilijua hakuwa akiniita mimi. Nilitaka kulia, lakini mtoto akiuliza hujibiwa.

"Amekula, mwanangu. Lala."

Akageukia ukutani akalala. Nikaenda mlangoni kwa miguu mitupu, nikaufungua mkoba, nikarudisha nguo zake kabatini.