Mama Nyota Augombeza Mtumbwi

Kwao Kindu, mama mkwe hasemeshani na mume wa binti yake. Basi Mama Nyota, akiwa amekaa mbele na kumpa mkwewe Sefu mgongo, aliugombeza mtumbwi.

"Wewe mutumbwi! Mbele yako njo omo, nyuma njo tezi. Mwenye kukaa kwa tezi njo anaongoza, hata kama amevaa suti ya abakosti!"

Sefu, karani wa ofisi ya chama ng'ambo ya mto, huko Alunguli, hakuwahi kushika kafi. Kila asubuhi mke wake Aziza alimvusha, na mimba yake kubwa, Sefu amekaa katikati kama gunia la mpunga. Leo Mama Nyota alimnyang'anya binti yake kafi, akamwacha nyumbani Mikelenge, akalitupa miguuni pa Sefu.

"Usielekeze omo ng'ambo, mutumbwi mujinga! Panda kwanza juu, kwenye maji inatokea, kandokando, kisha ukate maji!"

Sefu alikwisha kuielekeza omo ng'ambo moja kwa moja. Mto Lualaba ukawachukua, ukawatupa huko chini kwenye matete, viatu vya Sefu vikielea. Kwa mbali wenzake walikuwa wakiimbia bendera wimbo wa chama, na mchelewaji hakusamehewa.

"Mutumbwi," Sefu alinong'ona, "umwambie mama anisamehe."

Mama Nyota hakugeuka.

"Mutumbwi, mwenye kuombwa musamaha amelala Mikelenge, mugongo unamuuma. Geuza omo."