Prosesa ya Mtumba

Tangu aolewe katika nyumba ile, msusi hakuwahi kuitwa chochote na mtoto wa mumewe. Si mama, si mama mdogo, si hata shangazi wa kubahatisha. Kijana akitaka kupita jikoni alisema, "Samahani." Akitaka nauli ya shule alisema, "Samahani," kisha akasimama akingoja, macho yake yakiwa ukutani. Ilikuwa heshima ya kumweka mtu mlangoni, na msusi aliijua fika.

Chanzo chake hakikuwa siri. Marehemu mama wa kijana alikuwa mhasibu, mwanamke wa kujipenda, na ugonjwa ulipompukutisha nywele alimwita msusi nyumbani aje amnyoe zilizobaki. Msusi akaja na mashine yake ya kunyolea, akarudi mara nyingine kumfunga kilemba, akarudi tena kumsikiliza tu, mpaka nyumba ikamzoea. Mwaka na ushei baada ya maziko akarudi kama mke. Baba mtu, dereva wa lori la masafa marefu, aliona ni jambo la kheri. Kijana aliona vingine: huyu aliingia na mashine ya kunyolea, na hakutoka.

Kompyuta ilikaa pembeni mwa sebule. Marehemu alikuwa akiitumia kwa hesabu za kazini, na alipoondoka, mjomba mtu alimpa kijana kadi ya picha, ile inayochora michezo kwenye kioo, iliyokwisha tumika, wakaichomeka, na kuanzia hapo ikawa ya michezo. Kadi ilikuwa na nguvu zake. Prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine yote, ilibaki ile ile ya kujumlisha na kutoa. Kijana alicheza mchezo wa vita katika timu ya watu watano, kila mmoja akiwa kwao na vipokea sauti masikioni. Mapambano yakipamba moto, picha yake iliganda. Ikizinduka, anajikuta ameshalala chini, amekufa, na wenzake wanamzomea.

Mashindano yalikuwa yanakaribia. Nahodha wa timu, kijana wa chuo mwenye sauti ya upole, alimpa onyo: arekebishe mashine yake au ampishe mwingine. Baba akapigiwa simu huko barabarani. Akajibu kwamba hawezi kulipia risasi za uongo wakati lori linakula matairi ya kweli, akakata.

Msusi aliyasikia hayo akiwa anakunja nguo chumbani. Alikuwa na akiba kidogo, ya kununulia draya nyingine ya saluni, kwa kuwa iliyokuwepo ilianza kunuka kuungua. Kutwa nzima alisuka huku mawazo yakiwa kwingine, mpaka mteja mmoja akalalamika kwamba mistari imepinda. Jioni akaamua. Alijiambia kwamba hamnunui mtoto, anamfungulia mlango tu. Moyoni alijua anamnunua, akatumaini kwamba bei itatosha.

Jumamosi yeye na kijana wakaifunga mashine katika shuka, wakaipeleka mtaa wa vifaa vya umeme. Fundi waliyempata aliifungua ubavu, akachungulia ndani, akacheka.

"Kijana wangu, umefunga injini ya pikipiki kwenye basi," alisema.

Akawaeleza taratibu. Prosesa mpya ya dukani isingekaa kwenye ubao ule wa ndani; wangelazimika kununua na ubao, na vibao vyake vya kumbukumbu, na kwa mfuko waliokuja nao wangeishia kununua ubao peke yake. La maana ni kutafuta ya mtumba, ya ukoo ule ule na inayokaa kwenye tundu lile lile, lakini yenye misuli. Anayo moja. Aliwatajia bei, msusi akahesabu, akahesabu tena, ikapelea kidogo. Fundi akasema basi wamwachie ile ya zamani, afidie kilichopungua.

Msusi alimgeukia kijana. "Hii ilikuwa ya mama yako," alimwambia kwa sauti ya chini. "Sema wewe."

Kijana hata hakugeuka. "Hicho kipande? Akichukue. Kingekuwa na maana tungekuwa hapa?"

Fundi akacheka tena. Msusi alifurahi, ila si kwa ule utani. Alikuwa amesikia neno "tungekuwa."

Fundi alifuta dawa ya kupitishia joto iliyokwisha kauka kama uji wa jana, akainua kikono kidogo pembeni, akaitoa ile ya zamani na kuiweka kwenye droo pamoja na vikorokoro vingine. Akaiweka ya mtumba mahali pake, akaipaka dawa mpya, akarudisha feni. Alipowasha, feni ilivuma na kioo kikabaki cheusi. Msusi na kijana walikaza macho pale kwenye kioo, mabega yakigusana, na hakuna aliyesogea. Kisha kikawaka.

Njiani kijana aliipakata mashine na kuongea bila kituo, habari za vichaka vya kujifichia na milango ya kuvizia, mambo ambayo msusi hakuelewa hata moja. Alimeza kila neno. Wiki ile yote nyumba ilikuwa nyepesi. Kijana alimwamkia wa kwanza asubuhi. Mara mbili alimwita kutoka jikoni, "Njoo uone," naye akaja na mwiko mkononi, akasimama nyuma ya kiti, akashangilia mahali pasipohusika.

Jumamosi iliyofuata nahodha na wenzake wawili walikuja nyumbani kuiona hiyo mashine na kupanga mbinu. Msusi alirudi kutoka saluni mchana, aproni bado kiunoni, vidole vikiwa vyeusi kwa rangi ya nywele. Alifungua mlango akiwa na tabasamu, salamu iko mdomoni. Kijana alimwona kabla wenzake hawajageuka.

"Dada," alisema, "tuletee maji."

Msusi alisimama. Nahodha, mtoto aliyelelewa vyema, aliinuka kumpokea mfuko, akauliza huyu ni nani wamsalimie.

"Dada wa kazi."

Msusi akapita jikoni. Nyumba ilikuwa ndogo, ukuta wa jikoni ulipitisha kila sauti ya sebuleni. Alimsikia mmoja wao akiuliza mbona ni mtu mzima. Akamsikia kijana akijibu kwamba baba alitafuta wa bei nafuu. Kicheko kikafuata. Alijaza maji kwenye bilauri, akazipanga kwenye sinia, akaipeleka, akainama kwa kila mmoja. Kijana alichukua bilauri yake akiwa ameangalia kioo, akasema asante kama mtu anayemwambia karani wa dirishani.

Walipoondoka, nahodha alirudi nyuma kidogo, akampenyezea noti kiganjani. "Ya soda, dada," alimwambia. "Umetuhudumia vizuri." Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililomkata maini. Noti aliipokea, kwa kuwa kuirudisha kungehitaji maelezo.

Alirudi sebuleni. Kijana alikuwa ameshavaa vipokea sauti. Akamvua kimoja. Alimuuliza kwa nini.

Kijana alimtazama, na safari hii alimtazama usoni. "Ulitaka niseme nini? Kwamba baba aliacha mhasibu akachukua mtu wa kunyoa vichwa? Nimekuomba mimi uninunulie kitu?"

Hapo angeweza kuondoka. Angeweza kumwachia mumewe aje aamue, au kulia jikoni kama alivyofanya siku nyingine. Lakini alikuwa amekaa na marehemu siku zile za mwisho, akiwa mtu pekee aliyeruhusiwa kushika kile kichwa, na alijua jambo ambalo kijana hakulijua. Alilitoa kama mtu anavyotoa wembe.

"Unajua kwa nini hukuwa ukiruhusiwa kuingia chumbani kwa mama yako?" alisema. "Ulikuwa ukidhani ni daktari. Ni yeye. Mimi nikiwa pale, alisema hataki kukuona."

Rangi ilimtoka kijana. Akarudisha vipokea sauti masikioni, akageukia kioo ambacho hakikuwa na mchezo wowote, akashika kipanya na kukisogeza huku na huku. Msusi aliona mgongo wake ukitetemeka, akaona kwamba limempata barabara, na kwa muda, tena si mfupi, akasikia raha.

Alijua alichokiacha nje ya sentensi ile. Alikiacha makusudi.

Baba mtu alirudi katikati ya wiki, amechoka, miguu imevimba kwa safari. Kabla hajavua viatu, kijana alikuwa mbele yake akilia. Hakulia kwa lile la kukatazwa chumbani kwa mama. Alisema mke wake ameifungua kompyuta ya mama, ametoa kitu cha mama ndani, amekipeleka sokoni akakiuza. Alisema alimkataza, akamsihi, hakusikia.

Dereva alimgeukia mkewe. Msusi alieleza yote, fundi, bei, kupelea, na swali alilomuuliza kijana wakiwa pale dukani. Alipoona macho ya mumewe hayabadiliki, akaongeza na habari ya dada wa kazi.

"Ni kweli nilimwita dada wa kazi," kijana alijibu, kamasi zikimtoka. "Na yeye kaniambia mama hakutaka kuniona. Muulize."

Dereva alikaa kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Siku ile ya kunyolewa yeye ndiye aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Maneno ya marehemu aliyasikia mwanzo hadi mwisho.

"Malizia," alimwambia mkewe.

Msusi aligeukia mlango wa jikoni.

"Malizia. Alisemaje?"

"Alisema..." Akamgeukia kijana. "Alisema hataki kukuona ukimwona vile. Alisema akuachie sura yake yenye nywele."

Alidhani labda hilo litamlainisha mtoto, kwamba ukweli ukishatoka wote, hata kwa kulazimishwa, utaokoa kitu. Kijana alisimama, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akasema kwa utulivu uliomtisha kuliko kile kilio, "Kwa hiyo ulijua. Uliyajua yote, ukachagua kipande."

Akaingia chumbani kwake. Hakubamiza mlango.

Dereva hakupiga kelele wala hakunyanyua mkono. Alimwambia tu mkewe kwamba yeye ni mtu wa barabarani, alitafuta mtu wa kukaa na mwanawe, na sasa haoni tena sababu nyingine ya mkewe kuwemo humu ndani. Lakini kumrudisha kwao kutaleta maneno, basi akae. Alisema "akae" kama mtu anayezungumzia mzigo uliokosa mwenyewe. Asubuhi aliondoka na lori. Kuanzia siku hiyo, akipiga simu alipiga kwa mwanawe, na kama kuna la kununua dukani, msusi aliambiwa na kijana.

Timu ilitolewa kwenye mashindano raundi ya pili. Mashine haikuganda hata mara moja. Walikutana na waliowazidi, basi. Nahodha alitafuta wengine. Kijana alicheza peke yake siku chache, kisha akaacha, vumbi likaanza kukaa juu ya kibodi. Msusi alilipangusa kila alipofagia, bila kuambiwa.

Mwezi haukuisha, akarudi kutoka saluni akamkuta mtu asiyemjua sebuleni, anazungusha nyaya. Kijana alikuwa ametangaza kuuza vyote, mashine, kioo, kadi ya mjomba, pamoja na prosesa ya mtumba ndani yake, kwa bei ya haraka. Alitaka simu ya maana. Alikuwa ameshaipata, anaipapasa kwenye kiti, na mnunuzi alipouliza kama kuna picha au kumbukumbu za kuhifadhi kabla hajaichukua, kijana alisema futa tu zote. Humo ndani mlikuwa na majalada ya marehemu, hesabu zake, picha za likizo ambazo msusi aliwahi kuoneshwa na marehemu mwenyewe, akiwa na kilemba kichwani.

Msusi alifumbua mdomo. Kijana aliinua macho kutoka kwenye simu, akamsubiri aseme. Alikuwa anamsubiri kwa hamu.

Hakusema. Alimfungulia mnunuzi mlango, kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa imejaa.

Dereva aliporudi aliona pembe ya sebule iko tupu, kuna alama nyeupe tu sakafuni pale ilipokuwa imesimama. Aliuliza kompyuta iko wapi. Msusi alimwambia amuulize mwanawe. Kijana alikuwa pale pale, simu mpya mkononi, amekunja miguu.

Baba aliitazama ile simu. Akaitazama ile alama sakafuni. Kisha akamwambia mkewe amtengee chakula, na asiweke chumvi nyingi kama safari iliyopita.